Nani Auamuruye Moyo Wakati wa Hofu?

Hebu tutazame jambo ambalo kila mmoja wetu amelionja mwilini mwake. Ni usiku, nyumba imetulia, watoto wamelala. Ghafula mbwa wa jirani anabweka, au mlio wa bunduki unasikika mbali upande wa msitu. Kabla hujajua ni kitu gani, moyo umekwisha kuanza kupiga kama ngoma. Kinywa kimekauka, mikono imekuwa baridi, nywele zimesimama. Hukuuambia moyo upige mbio. Nawe ukiuambia utulie, hausikii. Basi, ni nani aliyeuamuru?

Swali hili si la mchezo kwetu sisi wa Mutwanga, wala kwa ndugu zetu wa Beni na Butembo. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yalipoanza katika eneo la Beni, na zaidi tangu vita vilipofika katika vijiji vya sekta yetu ya Ruwenzori, watu wengi wameujua usiku wa namna hiyo, tena si mara moja. Na kila mara watu hutoa majibu matatu. Wa kwanza husema: "Huyo ni mwoga tu." Wa pili husema: "Amelogwa, kuna mtu anayemchezea moyo." Wa tatu husema: "Moyo wake ni mgonjwa, hataishi siku nyingi." Kila jibu lina hasara yake. Kijana aliyeitwa mwoga hujificha na kunyamaza. Mama aliyeambiwa amelogwa huanza kumtafuta adui kati ya majirani. Na yule aliyeambiwa kuwa moyo wake umeharibika huongezewa hofu juu ya hofu.

Elimu ina jibu jingine. Halikupatikana kwa siku moja, bali kwa kazi ya watu wengi katika nchi nyingi. Tuifuate habari yao hatua kwa hatua.

Waganga wa kale waliona, wasiweze kueleza

Katika karne ya 2, mjini Roma, alikuwako mganga mashuhuri jina lake Galen. Siku moja aliitwa kumtazama mke wa mtu aitwaye Justus. Mwanamke huyo hakuwa na homa, lakini hakupata usingizi, wala hakutaka kujibu maswali. Galen alipokuwa naye, mtu mmoja akaingia akasema kwamba ametoka kumwona Pylades akicheza ngoma. Papo hapo uso wa mwanamke ukabadilika, na Galen alipoushika mkono wake akaona mapigo ya damu yamevurugika. Siku zilizofuata akapanga watu waje kutaja majina ya wachezaji wengine. Mapigo yakabaki shwari. Lilipotajwa tena jina la Pylades, yakavurugika tena. Galen akajua ya kuwa ugonjwa wa mama huyo haukuwa mwilini, bali katika mawazo aliyoyaficha.

Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey alionyesha kwamba damu huzunguka mwilini, na moyo ndio pampu yake. Yeye naye aliandika ya kuwa hofu, tumaini, furaha na uchungu wa nafsi hufika mpaka moyoni. Lakini njia yenyewe ilikuwa wapi? Hapo Harvey hakuwa na la kusema.

Farasi, chura na sungura

Aliyefuata alikuwa mchungaji wa Kianglikana, Stephen Hales, mtu aliyependa kupima kila kitu. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1733 alisimulia jinsi alivyomfunga farasi jike, akaingiza mrija katika mshipa mkubwa wa paja, akauunganisha na bomba refu la kioo lililosimamishwa wima. Damu ikapanda ndani ya bomba futi 8 na inchi 3, yaani karibu mita mbili na nusu, ikawa inacheza juu na chini kwa kila pigo la moyo. Basi ikajulikana ya kuwa damu haitiririki mishipani kama maji ya kijito. Husukumwa kwa nguvu. Nguvu hiyo ndiyo shinikizo la damu, ambalo watu wengi huliita presha.

Mwaka 1845 ndugu wawili wa Ujerumani, Ernst Heinrich na Eduard Weber, walitangaza jambo la ajabu. Kuna mshipa wa fahamu utokao kichwani, ukapita shingoni mpaka moyoni na tumboni. Jina lake neva ya vagasi. Walipoitia umeme neva hiyo, moyo haukwenda mbio kama watu walivyotazamia, bali ulisimama! Mpaka siku hizo kila mtu aliamini ya kuwa kazi ya neva ni kuamsha tu. Kumbe ipo pia neva ya kuzuia, kama hatamu za farasi. Baada ya miaka ishirini hivi zikajulikana pia neva za kuhimiza, zitokazo katika uti wa mgongo, kama mjeledi.

Kisha mwaka 1866, mjini Leipzig, Elie de Cyon na mwalimu wake Carl Ludwig walikuta katika sungura neva ndogo ambayo haiteremshi amri, bali hupandisha habari kutoka kifuani kwenda kwenye ubongo. Walipoigusa kwa umeme, shinikizo la damu lilishuka. Tazameni basi: habari hupanda, amri hushuka. Ubongo hauuamuru moyo gizani. Una watu wake wa kuuletea habari.

Walinzi wa shingoni

Watu hao wa habari wako wapi? Katika miaka ya 1920 Mjerumani Heinrich Hering alionyesha kwamba baadhi yao hukaa shingoni, chini ya pembe ya taya, pale mshipa mkubwa wa kichwa unapogawanyika. Kazi hiyo iliendelezwa sana na Mbelgiji mmoja, Corneille Heymans wa mji wa Gent, pamoja na baba yake. Walifanya majaribio magumu juu ya mbwa. Kichwa cha mbwa kililishwa damu ya mbwa mwingine, nacho kikabaki kimeunganika na kiwiliwili chake kwa neva peke yake. Hata hivyo, mabadiliko ya kiwiliwili yalijulikana kichwani mara moja. Haikuwa damu iliyobeba habari, bali neva. Heymans alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938 kwa kuonyesha jinsi walinzi wa shingoni na wa mshipa mkuu wa kifuani wanavyotawala pumzi.

Kazi ya walinzi hao twaweza kuielewa vizuri sisi wa Mutwanga. Tangu 2013 tunacho kituo cha umeme kinachoendeshwa na maji yashukayo Ruwenzori. Maji yakija kwa nguvu kupita kiasi, lazima mtu apunguze mlango, yakipungua, aufungue. Ndivyo ilivyo mwilini. Damu ikisukuma kwa nguvu nyingi, ukuta wa mshipa wa shingo hutanuka, na walinzi hupeleka habari kwenye shina la ubongo, pale kichwa kinapoungana na uti wa mgongo. Mara moja neva ya vagasi huvuta hatamu, moyo hupunguza mwendo, na mishipa hulegea. Damu ikipungua nguvu, amri huwa kinyume chake. Ndiyo maana ukiinuka kitandani asubuhi huanguki, ijapokuwa damu hutaka kuteremkia miguuni. Walinzi wamekwisha kufanya kazi kabla hujaweka mguu wa pili chini.

Paka aliyebwekewa na mbwa

Wakati huohuo, huko Marekani, Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard alikuwa akichunguza hofu yenyewe. Mwaka 1911, pamoja na mwenzake Daniel de la Paz, alichukua damu ya paka aliyetulia, kisha damu ya paka yuleyule baada ya kubwekewa na mbwa. Akaitia kila damu juu ya kipande cha nyama ya utumbo kilichokuwa kikicheza chenyewe. Damu ya utulivu haikukibadili; damu ya hofu ilikilegeza. Ndani yake mlikuwa na adrenalini, dawa itolewayo na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo.

Katika kitabu chake cha mwaka 1915 Cannon alieleza maana yake. Mnyama aliyetishwa ana mambo mawili mbele yake: kupigana au kukimbia. Yote mawili yataka damu nyingi katika misuli. Basi moyo huenda mbio, sukari humwagwa katika damu, tumbo huacha kusaga chakula, na ngozi hunyimwa damu ikawa baridi. Yale yote unayoyaona kuwa maradhi usiku wa hofu ni matayarisho ya mwili kuokoa maisha yako.

Fumbo la presha inayopanda

Lakini hapa msomaji mwenye akili atauliza: Ikiwa walinzi wa shingoni hushusha presha kila inapopanda, mbona wakati wa hofu presha hupanda nao wasiizuie? Tena moyo huenda mbio wakati uleule ambapo walipaswa kuvuta hatamu!

Swali hilo liliwashughulisha wataalamu miaka mingi. Walter Rudolf Hess wa Zurich, Uswisi, alitia nyuzi nyembamba sana ndani ya ubongo wa paka, akamwacha atembee huru. Alipopeleka umeme kidogo sehemu moja ya chini ya ubongo, iitwayo haipothalamasi, paka aliyetulia aligeuka mara moja akawa kama amezingirwa na mbwa: mgongo juu, nywele zimesimama, macho yametanuka, na moyo mbio. Mbwa hakuwako. Amri ilitoka ubongoni tu. Hess alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949.

Mwaka 1960, Waingereza Abrahams na Hilton pamoja na Zbrożyna kutoka Poland walionyesha kwamba sehemu hizo za ubongo hufungua mishipa ya damu ya misuli hata kabla misuli haijaanza kazi. Ni kama mama mwenye busara anayeweka maji motoni kabla ya wageni kuingia. Hata kwa binadamu imeonekana hivyo. Mwaka 1959, mjini Prague, mganga Brod na wenzake waliwaketisha watu na kuwaambia wafanye hesabu za kichwa kwa haraka. Presha ilipanda, damu ikaongezeka katika misuli, ikapungua katika figo. Mtu ameketi kitini akihesabu, na mwili wake umejiandaa kukimbia!

Na walinzi wa shingoni je? Hilton na wenzake walidhani ya kuwa ubongo huwanyamazisha kabisa wakati wa hatari. Wachunguzi waliofuata waliona mara nyingi jambo lingine: walinzi wanaendelea na kazi, ila ubongo umewapa kipimo kipya. Jana waliambiwa, "Msiruhusu kupita hapa." Sasa wanaambiwa, "Leo ruhusuni mpaka pale, kwa maana kuna vita." Hatari ikiisha, kipimo cha zamani hurudishwa. Hilo ndilo fumbo lenyewe na jibu lake: moyo haukuasi, wala walinzi hawakulala. Kuna mkuu aliyebadili amri.

Siku hizi twaijua njia ya amri hiyo vizuri zaidi. Ndani ya kila upande wa ubongo kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi, iitwayo amigdala, ambayo hupima kama jambo ni la hatari. Hupeleka neno kwa haipothalamasi na kwa sehemu ya kijivu iliyo katikati ya shina la ubongo. Kutoka hapo amri hushukia chembe chache zilizo upande wa chini wa shina, ambazo huendesha neva za kuhimiza moyo na kukaza mishipa. Mambo hayo hupita upesi kuliko mawazo, na hatuulizwi kama twakubali. Nyoka njiani hangojei tufanye shauri.

Wengine hawakimbii, huganda

Wako watu ambao katika hatari hawakukimbia wala kupiga kelele. Walisimama kama jiwe, miguu ikakataa. Baadaye hujilaumu: "Mbona sikufanya kitu?" Hao nao wajue ya kuwa mwili una amri ya pili. Watoto wa kulungu wa Marekani ya Kaskazini, wakinusa hatari, hulala chini bila kutikisika, na mapigo ya moyo wao hushuka sana. Neva ya vagasi imevuta hatamu ili mwindaji asiwaone wala kuwasikia. Sehemu ileile ya kijivu katika shina la ubongo ina upande wa kukimbiza na upande wa kugandisha. Mtu hachagui upande. Kwa hiyo asiyekimbia si lazima awe mpumbavu, na akimbiaye si lazima awe mwoga.

Kengele isiyonyamaza

Mpaka hapa tumesifu kazi ya mlinzi. Lakini kengele ya hatari ilitengenezwa ilie kwa muda mfupi, kisha inyamaze. Ikilia mwaka baada ya mwaka, nyumba yenyewe huchakaa.

Karibu nasi, nchini Kenya, kuna habari mbili za kujifunza. Mwaka 1929 mganga Mwingereza, C. P. Donnison, alitangaza vipimo vya presha vya wanaume 1,000 wa upande wa Kisii. Huko Ulaya presha ilikuwa ikipanda kadiri watu walivyozeeka. Kwa watu hawa, baada ya miaka 40 hivi, haikupanda, bali ilielekea kushuka. Miaka ya 1980 Neil Poulter na wenzake waliwafuata Waluo waliohama vijijini kwenda Nairobi, wakawalinganisha na ndugu waliobaki nyumbani. Baada ya miezi michache tu ya kukaa mjini, presha ya wahamiaji ilikuwa juu zaidi. Chumvi ilikuwa imeongezeka katika chakula chao, na uzito pia. Tena moyo wao ulipiga mara nyingi zaidi kwa dakika, dalili ya kwamba huenda neva za kuhimiza nazo zilikuwa kazini. Hivyo tusiseme hofu peke yake huleta presha: chumvi, unene, uzee na ukoo vimo. Lakini wasiwasi nao una kiti chake barazani.

Hata wanyama hutufundisha hivyo. Mmarekani Robert Sapolsky, aliyeanza mwaka 1978 kuwachunguza nyani wa Kenya upande wa Maasai Mara, aliona ya kuwa madume wa chini, wanaoonewa kila siku, walikuwa na dawa nyingi za hofu katika damu hata walipokuwa wamepumzika. Na kundi lilipokosa utulivu, wakubwa wakigombea ukuu, hao wakubwa nao walikosa raha mwilini. Simba huja na kuondoka. Anayekudhulumu kila siku haondoki. Sisi tuliolala miaka mingi tukitega sikio twaelewa jambo hilo bila kufundishwa.

Tufanye nini basi?

Kwanza, mtu mzima aende zahanati kupimwa presha, hata kama haumwi. Presha kubwa haipigi hodi. Ikipimwa siku mbalimbali na kila mara ikafika 140 kwa 90 au zaidi, afuate shauri la daktari, wala asiache dawa kwa kuwa amejisikia vizuri. Na mwenye maumivu ya kifua, kukosa pumzi au kuzimia asiseme "ni hofu tu", aende upesi.

Pili, iko hatamu moja tunayoweza kuishika wenyewe, nayo ni pumzi. Mtu akivuta pumzi, moyo huharakisha kidogo. Akiitoa polepole, neva ya vagasi huutuliza. Mwaka 2001 mganga Mwitaliano Luciano Bernardi na wenzake walitangaza uchunguzi juu ya watu 23 wenye afya. Waliwapima wakisali Rozari kwa Kilatini, na pia wakitamka maneno ya ibada ya Kihindi. Katika njia zote mbili pumzi ilishuka kufikia mara sita hivi kwa dakika, kwa maana Salamu Maria moja, sehemu ya kiongozi na sehemu ya waitikiaji, huchukua karibu sekunde kumi. Na kwa mwendo huo walinzi wa shingoni walifanya kazi yao kwa wepesi zaidi. Wachunguzi hawakusema ni muujiza; ni mwendo wa pumzi. Wala hatusali kwa ajili ya presha. Lakini bibi zetu waliosali Rozari polepole usiku wa hatari, wakapata kutulia, hawakujidanganya. Anayeikimbiza kama mtu aliyechelewa soko, hapati msaada huo.

Tatu, tuchunge ndimi zetu. Mtu ambaye moyo wake unakwenda mbio kila mlango unapogongwa hahitaji kuchekwa, wala kupelekwa kutafuta mchawi. Ubongo wake umejifunza ya kuwa usiku una hatari, na kwa miaka hii hakujifunza uongo. Kipimo kilichopandishwa kwa miezi mingi hakishuki kwa siku moja. Hushuka polepole, mtu akipata usingizi, akipata mwenzake wa kukaa naye, akisikilizwa bila kuharakishwa. Na katika hayo kila mmoja wetu aweza kumsaidia jirani yake jioni ya leo.